Siri Ambayo Fidda Hakuiahidi

Fidda alikuwa mtu wa vijiji vya Raqqa, nchini Syria, mjane mwenye sauti nzito. Katika kambi yao ya wakimbizi, kambi ya mahema huko Bekaa, Lebanoni, watoto walimpenda kwa sababu hakuwa na tabia ya kuwadanganya. Ndiyo maana Daktari Ghinwa, mtafiti kutoka Beirut aliyechunguza hali ya watoto wanaovuna viazi, alimchagua awahoji.

Mnyapara wa kambi, Abu Daham, hakupendezwa. Yeye ndiye aliyewapangisha mahema, na ndiye aliyewapeleka watoto mashambani akakata chake katika ujira wao. Utafiti aliukubali kwa kuwa mwenye ardhi aliukubali, lakini asubuhi ile aliweka kiti cha plastiki karibu na hema la shule, akawa anakunywa kahawa huku akitazama nani anaingia na nani anatoka.

Wadha, binti wa Hamda, aliingia vidole vikiwa vimefichwa ndani ya mikono ya sweta. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Fidda alimweleza kwamba anaweza kukataa swali lolote, na akitaka kuondoka aondoke. Wakaongea juu ya magunia, juu ya mgongo kuuma. Kisha akamuuliza: mtoto akikosea kazini, hufanywa nini?

Binti akanong'ona, "Shangazi, nikikwambia, utamwambia mtu?"

Fidda alijua jibu ambalo lingemfungua mtoto kinywa mara moja. Nje, kiti kilikwaruza changarawe.

"Kama kuna anayekuumiza, siwezi kukaa nalo peke yangu," alisema. "Nitamwambia daktari, naye atamwita mtu wa kulinda watoto. Abu Daham hatalisikia kwangu. Lakini nikikuahidi sitamwambia mtu kabisa, nitakuwa nakudanganya."

Wadha akainuka, akaenda hadi mlangoni. Fidda hakumzuia. Msichana alisimama pale ameshika pazia, kisha akarudi na kutoa mikono yake. Ncha za vidole zilikuwa zimebabuka kama za mtu aliyeungua.

Ni chumba cha baridi cha kuhifadhia viazi, akaeleza. Nayef, mpwa wa Abu Daham, huwafungia humo wanaochelewesha kazi. Jana Shihab, mdogo wake Wadha, aliangusha kreti, na ameambiwa zamu yake ya kufungiwa ni kesho.

Fidda alitamani kutoka mbio. Akajikaza, akamuuliza binti habari za paka wake mpaka uso ukamtulia, ndipo akamwacha aende. Kisha Fidda alipotoka kuchota maji, alimweleza Ghinwa, aliyekuwa nje, kwa sauti ya chini. Daktari alitaka kusimamisha mahojiano papo hapo.

"Ukisimamisha sasa, watajua ni nani," Fidda alimwambia. "Piga simu ukiwa garini. Mimi naendelea."

Akaendelea. Kila mtoto alimkalisha muda mrefu kama Wadha, akicheka nao. Mchana Abu Daham akamwita.

"Dada Fidda, yule binti wa Hamda alikaa sana. Alikuwa na la kusema?"

"Wote wanakaa sana, Abu Daham. Wamechoka, nusu yao wananisinzilia."

Mnyapara akatabasamu. "Hema lako si ndilo lile la kwenye mtaro? Mvua inakaribia."

"Nimeshalowa sana mimi," Fidda akajibu, akarudi ndani.

Jioni alifika Jumana, wa ulinzi wa watoto, pamoja na muuguzi, wakaangalia mikono ya watoto wote, hema kwa hema. Vidole kama vile walivikuta kwa wengine pia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuonyeshwa kuwa ndiye aliyesema. Kabla ya usiku kuingia, Hamda na watoto wake wawili walikuwa wamehamishwa na Jumana hadi mahali pa siri. Mwenye ardhi, kwa kuogopa kesi, alimfukuza Nayef na kukitia chumba kile kufuli.

Ghinwa hakuyatumia maneno ya Wadha katika utafiti wake, maana yeyote wa kambini angeyatambua. Fidda naye aliambiwa na Abu Daham ahame, hakupewa sababu. Akapata chumba katika mji wa Bar Elias, akakaa na mwanamke mwingine wa Raqqa.

Siku moja alimuuliza Jumana watoto wale wako wapi. Jumana akamjibu kwa upole kwamba hilo hawezi kumwambia hata yeye. Fidda aliitikia kwa kichwa. Ilimuuma, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani aliona kwamba, angekuwa yeye ndiye Hamda, angetaka ajibiwe hivyo hivyo.