Chokaa ya Maganda ya Mayai

Kopo lilikuwa juu ya kabati la jikoni, na asubuhi ile halikuwapo.

Mwanangu aliinua mkono kulichukua, akapapasa, akaushusha. Akavuta kigoda, akapanda, akaangalia kwa macho. Kwenye vumbi palibaki duara tu, pale lilipokaa tangu baba yake alipolipandisha kwa mikono yake.

"Mama, kopo."

"Sijaligusa."

Nilikuwa ndani ya eda. Arobaini ya mume wangu ilikuwa inakaribia na nyumba ilikuwa haijakaukiwa na watu. Wanawake waliokuja kunihani waliosha vyombo, wakavipanga, wakavipangua, na kila siku nilitafuta mwiko mahali pengine. Lakini kopo lile lilikuwa la maziwa ya unga, mdomo wake umezibwa kwa nta ya nyuki. Nilidhani hakuna ambaye angelitaka.

Niseme lilikuwa na nini, maana bila hivyo msomaji hataona kwa nini mtoto wa kike msomi alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni akashika kichwa.

Mume wangu alikuwa mhunzi. Kiwanda chake ni banda la mabati nyuma ya nyumba yetu hapa Cheyo, mjini Tabora. Alifua majembe na mapanga kama babu zake, ambao majembe yao yalibebwa mabegani hadi Ujiji. Mtoto wetu yeye alisomea uhandisi wa kemikali. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo kazi yake niliijua kwa namna alivyotueleza jioni tukila. Alikuwa anatafuta njia ya kugeuza mafuta ya mbono kuwa dizeli. Mbono tunaujua wote, mti wa uani na wa makaburini, ambao hata mbuzi haula. Vijiji vya Ulyankulu vimejaa mbono, na dizeli ikiadimika mashine zao za kusaga husimama.

"Mafuta na spiriti ukiyaweka pamoja," alituambia, "yanakaa kama abiria wawili wasiojuana, kila mmoja na kikapu chake. Lazima kiwepo kitu cha kuyakutanisha. Kinaitwa kichocheo. Yenyewe yanabadilika, kichocheo kinabaki vilevile. Unakichuja, unakitumia tena."

"Basi huyo ni mshenga," baba yake akasema. "Anaoza watu, lakini hakai kwao."

"Ndiyo baba. Mshenga."

"Na anakula nini hapo katikati?"

"Hali kitu."

"Mshenga asiyekula! Huyo hakuzaliwa Tabora."

Kichocheo chake kilikuwa chokaa ya maganda ya mayai. Maganda tuliyapata bure kwa wauza chipsi, tukayaosha, tukayaanika, tukayatwanga. Chuoni walikuwa na tanuri la umeme la kuyachomea, lakini mwanangu alitaka kuona kama moto wa mhunzi unatosha, kwa sababu Ulyankulu hakuna tanuri la umeme ila wahunzi wapo. Akamletea baba yake kipimajoto chenye waya mrefu. Mume wangu aliyachoma maganda ndani ya chungu cha chuma mpaka yakawa unga mweupe. Unga huo ukinusa unyevu au hewa, umekufa. Ndiyo maana ya kopo na nta. Na ukiutumia umekufa, mafuta hayageuki dizeli. Yanakuwa uji wa sabuni, na uji huo haujitengi hata ungoje mpaka kiama.

Chokaa ya kopo lile aliichoma mara ya mwisho, akaliziba, akaliweka juu ya kabati. Wiki hiyo hiyo alirudi kutoka sala ya adhuhuri, akajilaza, hakuamka.

Na mwalimu wa mwanangu alikuwa njiani. Angefika kesho yake kwa treni, atazame jaribio kwa macho yake, kisha apande treni ya jioni aendelee Kigoma. Chuo kilikuwa kimechoka kusubiri. Mafuta yasipojitenga mbele yake, kazi ya mwanangu ingefungwa, vyombo virudishwe, naye aanze kitu kingine mwanzo kabisa. Hilo lilikuwa lake. Langu lilikuwa dogo kuliko hilo, sikulisema kwa mtu. Ndani ya kopo mlikuwa na kazi ya mwisho ya mume wangu. Nilitaka ifanye kile alichoikusudia.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliingia na mkate wa chai. Yeye ni fundi cherehani.

"Ba'mdogo," mwanangu akamwamkia, kisha bila kusubiri jibu, "hujaona kopo la maziwa, hapo juu?"

"La chokaa? Nimelichukua mimi." Akaweka mkate mezani. "Nimepaka mawe ya kaburi, la kichwani na la miguuni. Arobaini hii watu watakwenda kuzuru, kaka yangu alale kwenye mawe meusi kama hana ndugu? Nikasema, chokaa ya dukani ya nini, na mwenyewe kaichoma?"

Mwanangu aliinuka sakafuni.

"Kali kweli ile," akaendelea, bado hajatuona nyuso. "Nilipoitia maji ikachemka bila moto. Nikarudi nyuma! Nikasema huyu ni kaka mtupu, hata kafa bado ana moto."

"Umeimaliza?" mwanangu akauliza.

"Mawe mawili, mwanangu. Nimeimaliza."

Mwanangu alitoka uani. Tulimsikia akipiga teke ndoo. Shemeji akanigeukia, na nilipomweleza nilimwona akizeeka pale pale, mkono umeshika ukingo wa meza. Sikuweza kumkasirikia. Nilijaribu. Alikuwa amempaka ndugu yake kitu alichodhani ndicho bora katika nyumba, na hakukosea.

Mwanangu aliporudi macho yalikuwa makavu.

"Maganda yapo nusu gunia," akasema. "Mkaa upo. Ba'mdogo, utavuta mvukuto."

"Mimi?"

"Mimi nitakuwa kwenye kipimajoto. Mama yuko kwenye eda. Nani mwingine?"

Wakawasha. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, ambapo nilikuwa na ruhusa ya kukaa, nikasikiliza. Mvukuto wa mume wangu ulikuwa na mwendo ambao niliusikia maisha yangu yote ya ndoa, pumzi ndefu na pumzi ndefu. Huu wa shemeji ulikuwa wa mtu anayekimbizwa. Moto ulikuwa unapanda, kisha unaanguka.

"Unashuka, Ba'mdogo, vuta!"

"Navuta! Nimezoea kuvuta uzi, si dude hili."

"Usivute haraka. Vuta sawasawa."

"Sawasawa ndiyo ipi? Niambie kwa cherehani nitaelewa."

"Kama unashona pindo la shuka. Refu, halina kona."

Baada ya muda mvukuto ukanyooka. Haukuwa wa mume wangu. Ulikuwa wa fundi cherehani anayeshona shuka refu. Lakini mwanangu aliacha kupiga kelele, nikajua namba zimetulia. Zilitakiwa zikae hapo saa nyingi, na mkaa wetu haukuwa mwingi. Kila alipoongeza beleshi moja la mkaa nilitazama gunia likilegea.

Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Ipuli tangu alasiri. Walipokitoa chungu motoni, bado chekundu kitakoni, matone yakaanza kupiga mabati. Banda lile huvuja. Mume wangu alikuwa akisema ataliziba baada ya mavuno. Mwanangu alikuwa na koleo mikononi, shemeji ameshika kopo na nta, na maji yakaanza kudondoka katikati yao.

Niliinuka. Sinia la pilau la msiba lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nikalichukua, nikavuka ua kwenye mvua na kanga zangu za eda, nikalishika juu ya chungu. Jirani wa upande wa pili alikuwa anaanua nguo. Alinitazama, akatazama pembeni. Maji yalinitiririka hadi kwenye viwiko, lakini chini ya sinia palikuwa pakavu. Tulisimama hivyo, sisi watatu, tukingoja chungu kipoe kiasi cha unga kumiminwa. Kisha mwanangu akaumimina koponi, shemeji akaziba nta, nami nikarudi kizingitini kwangu.

Mwalimu alifika asubuhi. Mama mnene mchangamfu, Mzaramo. Shemeji alipojua hilo alifufuka kidogo, maana Mzaramo kwetu ni mtani tangu enzi za wapagazi.

"Mtani, karibu. Umefuata ubwabwa wa arobaini mbali hivi? Pwani mmekosa mchele?"

"Nimekuja kuhesabu Wanyamwezi waliobaki," mwalimu akajibu, "nisije nikakosa wa kunibebea mzigo." Kisha akaja kwangu ndani, akakaa mkekani, sauti yake ikabadilika. "Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Jaribio lilifanywa sebuleni ili nami nione. Mafuta yalikuwa yamepikwa mapema kuondoa maji. Mwanangu akafungua madirisha yote, maana spiriti ile ni sumu hata kuinusa, akaiweka pamoja na mafuta na chokaa kwenye chupa iliyofungwa vizuri, ikazunguka juu ya mashine ndogo yenye joto. Mwalimu alinywa chai yake taratibu. Muda ulipotimia mwanangu akachuja chokaa, akamimina kile kilichobaki kwenye chupa ya kioo yenye koki chini, akaitundika kwenye nondo.

Tukatazama. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kizito, kimoja.

Nilikwisha kuona mara nyingi. Chokaa ikiwa hai, haupiti muda mrefu utaona giza linaanza kushuka chini na mwanga, ndiyo dizeli yenyewe, unabaki juu. Safari hii hakikushuka kitu. Nikasikia saa ya ukutani. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni anasokota utepe wake wa kupimia kwenye kidole.

Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Niulize jambo," akamwambia mwanangu. "Hii ni ile chokaa uliyoniandikia? Ya mzee?"

Mwanangu aliinua uso kutoka kwenye chupa. Nasema kweli, moyoni nilitaka aseme ndiyo. Nani angejua? Unga mweupe ni unga mweupe. Nilimtazama nikaona naye ananitazama, nikainamisha macho kwenye mkeka, kwa sababu sikutaka aone nilichokuwa nataka.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Ile iko makaburini."

"Nimeipaka mimi," shemeji akadakia. "Yeye hana kosa. Nimepaka mawe ya kaka yangu."

Mwalimu alimtazama, akanitazama, akarudi kwenye chupa.

"Watani zangu nyie," akasema polepole, "mnamzika mtu na maabara yake?" Hakucheka. "Na hii kachoma nani?"

"Mimi."

"Wewe ni mhunzi?"

"Fundi cherehani."

"Umewahi kuchoma kitu?"

"Shati la mteja. Kwa pasi."

Hapo akacheka, na mwanangu naye akatoa sauti iliyokuwa nusu kicheko nusu kilio. Mwalimu akatazama saa yake. "Treni ni jioni," akasema. "Basi tungoje."

Tulingoja. Alikwenda kuswali chumbani kwangu akarudi. Nilikuwa nimefumba macho niliposikia kigoda kikikwaruza sakafu. Mwanangu alikuwa amepiga magoti mbele ya chupa, pua inakaribia kugusa kioo. Chini kabisa, karibu na koki, palikuwa na giza jembamba kama uzi. Hakuthubutu kuigusa. Uzi ukawa utepe. Juu yake chai ya maziwa ikaanza kung'aa, polepole, mpaka nikaona vidole vya mwanangu upande wa pili, vya njano.

Katikati kulibaki utando wa sabuni, unene wa ukucha. Kwa chokaa ya mume wangu utando ule haukuwapo.

"Huo nao uandike," mwalimu akasema.

"Nitauandika."

"Na uandike nani kachoma." Akamgeukia shemeji kisha mimi, akasema jambo ambalo nadhani alilisema kwa wema. "Mama, kwa chokaa ya mzee ningerudi na wasiwasi. Ningesema labda ni mkono wake tu, na mkono haufundishiki. Sasa nimeona inawezekana bila yeye."

Shemeji alikaa chini kwenye kizingiti akafuta uso kwa utepe. Mwanangu alinikumbatia, ananuka moshi wa mkaa na spiriti. Nilimshika. Nilifurahi, na sitaki mtu adhani sikufurahi. Lakini neno lile lilikuwa limeniingia. Kazi ya mume wangu ilikuwa imekubaliwa siku ilipofanyika bila yeye. Nililia baadaye, baada ya mwalimu kusindikizwa stesheni, nikiosha vikombe.

Eda ilipokwisha, shemeji alinipeleka makaburini. Nilisimama kwenye ukingo, penye mbono. Mvua zilikuwa zimepiga, na chokaa ya mawe yale mawili ilikuwa imeanza kubanduka, hasa ya lile la kichwani.

"Shemeji, ile niliyochoma mimi haikuisha," akaniambia kwa sauti ndogo. "Mtoto kaacha kopo kabatini. Nikaipake?"

Nilitazama jiwe. Mahali palipobaki weupe palikuwa peupe sana.

"Liache kabatini," nikamwambia. "Wahunzi wa Ulyankulu wanakuja Jumatatu uwafundishe kuchoma, watataka kuiona. Huku tutanunua ya dukani."