Siku Mama Alipokwenda Kumshtaki Mume Wangu

Mume wangu alikuwa hakimu wa baraza, kijana bado, na kesi nzito ya kwanza kumfikia ilikuwa ya mama yangu mzazi. Nacheka hata sasa ninapoandika, ila siku zile sikucheka hata kidogo.

Mama alikuwa akiishi Mabawa, na shamba lake lilipakana na la shoga yake wa tangu utotoni. Mpakani palikuwa na minazi minne mizuri. Waume zao walipokuwa hai hakuna aliyeuliza ni ya nani. Anayetaka nazi alimwita mkwezi, akachukua. Waume walipokufa, wajane wale wakaanza kuulizana, kisha kununiana, kisha mama akaenda barazani kushtaki.

Mwingine angeipeleka kesi ile kwa hakimu mwenziwe. Mume wangu aliona haya. Kumwambia mkwewe aende kwingine aliona ni sawa na kumfukuza mlangoni. Basi akaikubali, na hapo akajitia kitanzi mwenyewe, maana kwetu mtu hatazamani na mkwewe usoni, wala hali mbele yake, sembuse kumhoji. Mama akija kwangu, wawili hao walizungumza kupitia kinywa changu. "Mwambie mumeo mvua imekaribia." "Mwambie mama nimesikia." Na wote wameketi katika ukumbi mmoja.

Nilikwenda kusikiliza. Mume wangu alimhoji yule jirani sawasawa: nani alipanda, nani alipalilia, mpaka unapita wapi. Ilipofika zamu ya mama, macho ya mume wangu yakapanda darini. Akakohoa, akapangusa miwani, akasema maelezo ya mdai yanatosha. Mama hakuwa amefungua kinywa. Kisha mume wangu akahukumu kwamba minazi yote ni ya mama.

Nilidhani tutashangilia. Mama alikuja kwangu, akavua buibui, akaketi. Jirani akikutana naye njiani aligeuza uso, na Mabawa nzima walikuwa na neno moja: fulani kashinda kwa mkwewe. Wenyewe husema lisemwalo lipo. Mama hakuangua hata nazi moja.

"Nimeshinda nini miye?" aliniuliza. "Sikuulizwa hata swali. Wallahi nilikuwa na maneno ya kutwa nzima."

Asubuhi moja alikwenda kupiga hodi kwa adui yake. Walilozungumza hawajaniambia mpaka leo. Mimi nilikuwa sokoni Ngamiani, nanunua samaki, nikawaona wanakuja bega kwa bega, wamegawana doti moja ya kanga, kila mmoja kajitanda kipande chake. Nilifurahi, nikawaamkia, nikauliza waendako.

"Bomani," mama akajibu, kama mtu aendaye kununua chumvi. "Twenda kumshtaki mumeo."

 Hakimu akishtakiwa kwa upendeleo hufukuzwa, na mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Nikamwuliza mama mjukuu wake atakula nini.

"Atakula," akasema. "Lakini nikinyamaza, atalelewa na hakimu asiyeaminika."

Hapo maji yalizidi unga. Nikawafuata, samaki mkononi.

Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mkubwa wa wilaya, alijua Kiswahili vizuri. Alimsikiliza mama, akamtazama jirani, akarudi kwa mama.

"Hebu nieleze tena. Hakimu amekupa minazi, nawe unamshtaki?"

"Ndiyo, bwana."

"Na huyu aliyenyimwa?"

"Huyu ni shahidi wangu."

Jirani akaitikia kwa kichwa, akaongeza kuwa minazi hata hivyo ni yake. Mama akamwambia angoje, hilo lina siku yake. Karani akainama kutafuta kitu chini ya meza, na hakuinuka mpaka alipomaliza kucheka.

Mume wangu aliitwa, akakiri yote. Alikaripiwa vikali, akahamishiwa Pangani, lakini kazi hakunyang'anywa. Bwana Shauri alisema kosa la haya si sawa na kosa la tamaa. Nilitoka pale nikiwa mwepesi, ingawa samaki walikuwa wameanza kunuka.

Kesi ikaanza upya, kwa hakimu mmoja mzee kutoka Muheza asiye na undugu na yeyote kati yetu. Mzee yule alikuwa pilipili. Alimhoji mama mpaka jasho likamtoka. Mama alijibu, akabishana, akaambiwa aketi, akaketi, akasimama tena. Sikuwa nimemwona na raha kama ile tangu baba afariki.

Akashindwa. Minazi yote minne ikawa ya jirani.

Nilimshika mkono tulipotoka, nikidhani atayumba. Hakuyumba. Jirani alitoka nyuma yetu, amefadhaika, kana kwamba aliyeshindwa ni yeye.

"Chukua miwili, shoga," akasema kwa sauti ndogo.

"Sichukui. Imehukumiwa," mama akamjibu. "Nikitaka nazi nitakuja kuomba, na weye utanipa au utaninyima. Sasa najua naomba kwa nani."

Akajifunga kanga yake vizuri, akamsogelea.

"Naomba moja ya leo," akasema, na hapo yule jirani akaangua kilio huku anacheka.