Ukuta wa Ukumbini

Nilimaliza skuli nikakaa nyumbani miaka mitatu, Ng'ambo, nikiona haya hata kuongeza wali. Ndipo sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alipotuita vijana akatwambia kuna mradi wa serikali wa ajira za muda: miezi tisa, kukarabati nyumba kongwe za Mji Mkongwe, na ufundi tutafundishwa pale pale. Nilipoliona jina langu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwake, nilirudi nyumbani mbio kama mtoto.

Tuligaiwa wawili wawili. Mimi nilipangwa na msichana wa Kikwajuni, rika langu, ambaye mama yake anauza mboga sokoni Darajani. Fundi wetu, mzee asiyependa maneno mengi, alitufundisha kuloweka chokaa mpaka ilainike, kuichunga kwa chekeche, kuichanganya na mchanga, kisha kupiga lipu nyembamba na kuifunika kwa magunia yaliyorowa isikauke upesi. Mimi nilijifunza. Mwenzangu alikuwa kama aliyezaliwa na kazi ile. Lipu yangu ilipopasuka, ni yeye aliyeibandua kimya kimya akairudia kabla fundi hajafika. Chokaa ilimla vidole. Jioni alivipaka mafuta ya nazi akinambia, "Mimi nshajua nnachotaka. Sirudi tena kukaa nyumbani."

Mwezi wa tisa wa mkataba fundi aliugua, akalazwa, na hakurudi tena kazini. Wiki ile ile alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya mradi. Mwenzangu alikuwa amekwenda kusali adhuhuri. Mimi nilikuwa peke yangu nikiosha ndoo.

"Mkataba wenu unakwisha Ijumaa," alisema. "Lakini mwenye nyumba anataka kubaki na mmoja. Lipu hii ya ukumbini kaipiga nani?"

Ukuta ule ulikuwa kazi ya mwenzangu, toka chini mpaka kwenye boriti.

"Sote wawili," nilisema.

"Nani zaidi?"

Niliinamia ndoo yangu. Nilimfikiria baba, ambaye tangu nianze kazi alikuwa akinitaka shauri tena kama mtu mzima.

"Mimi naweza kuipiga bila ya kusimamiwa," nilimjibu.

Hakuuliza zaidi. Aliandika jina langu.

Mwenzangu aliporudi nilimwambia nimechaguliwa. "Alhamdulillahi, hata mmoja," alisema, kisha akapanda jukwaa la kupigia lipu akamalize upande wake. Sikuthubutu kumtazama alasiri yote ile.

Ijumaa tulipewa vyeti, tukapigwa picha. Baada ya hapo nilisikia mwenzangu alikuwa akizunguka na cheti chake kwenye majengo mapya ya Mbweni, na kila alipofika walimwambia hawapandishi mwanamke jukwaani. Haukupita mwaka akasafiri Maskati kufanya kazi za ndani. Hakuja kuniaga, wala sikuwa na haki ya kutaka kuagwa.

Mwezi uliopita nilikwenda Darajani kununua mboga, nikajikuta mbele ya meza ya mama yake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wewe si yule ulokuwa ukifanya kazi na binti yangu?"

"Naam."

"Juzi kapiga simu." Alikuwa akifunga mafungu ya mchicha, haniangalii. "Nyumba yenyewe kubwa, yuko peke yake, anafua, anapika, analea. Hata nje hatoki. Lakini kakuulizia wewe. Kaniuliza kama bado uko kwenye chokaa. Nikamwambia naona uko. Kafurahi, akasema angalau kazi yetu kabaki nayo mtu."

Alinitilia mafungu mawili mfukoni, akakataa kupokea pesa.

Nilitaka kumwambia pale pale. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga siku nyingi. Akaja mteja mwengine, akamgeukia, wakaanza kuvutana juu ya bei ya mabilingani. Nikabaki nimesimama na mfuko wangu, watu wakinipita huku na huku, mpaka aliponiangalia tena akaniuliza kama nataka na bamia.