Tui Lililokatika

Donge la sufu likishika moshi wa makumbi ya nazi lina harufu yake, na mimi huijua hata nikiwa na mafua. Leo limo mapajani mwangu, na vyombo vya jana bado vinanisubiri.

Mama alikuwa akifuma kati ya kazi na kazi: unga ukiumuka, wali ukikauka. Malindi yote inatoka jasho, yeye anafuma sweta! Bibi, mamake baba, alikuwa ameshaapa: chakula kikiharibika tena, kapu lote la nyuzi atawagawia majirani.

Siku hiyo Mama alinipa mwiko. "Koroga tui, usiache hata kidogo, lisije likakatika. Nimalize mstari huu."

Nilikoroga. Kisha macho yakahamia kwenye sindano zake, mkono ukasahau kazi. Nilipokuja kutazama, mabonge juu, maji chini.

Bibi akaingia, akachungulia sufuria. "Haya, nani alikuwa akipika hapa?"

Nikamuwahi Mama. "Ni mimi, Bibi. Nilikuwa natazama anavyofuma."

Bibi akalichukua lile sweta, akaligeuza huku na huku. Mama akalivuta kapu la nyuzi karibu naye.

"Shingo hii ni ya mtoto au ya punda? Fumua, mwanangu, uanze upya," akamwambia Mama.

Kisha akaninyang'anya mwiko, akavuta kigoda, akaketi mbele ya moto.

"Nenda ukakune nazi nyingine, we mvivu. Tui la leo nakoroga mimi."