Amplifaya Chini ya Kitambaa

Katika bendi yetu hakuna mpigaji aliyemiliki kitu. Magitaa, ngoma, maikrofoni, waya, hata mkanda niliovaa begani, vyote viliitwa vyombo, na vyombo vilikuwa vya Mzee, mwenye bendi. Tukimaliza kupiga, vilipakiwa kwenye mkokoteni vikarudi nyumbani kwake mtaa wa Manyatta na kufungiwa chumba cha nyuma ya jikoni. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake pamoja na kitana na tembe zake za kifua. Ukitaka kufanya mazoezi, ulibisha mlango wake kama jirani aliyekuja kuomba chumvi, na mkewe alikuambia usubiri, Mzee anakula.

Mzee hakuwa mzee. Alinizidi kwa miaka kumi tu. Alikuwa na mashine ya kusaga unga, tumbo la kutosha, na upole ulionikasirisha kuliko ukali. Hakujua kupiga chombo chochote. Hata makofi ya kanisani aliyapiga nje ya mdundo. Lakini alijua watu. Alikaa pembeni mwa ukumbi na soda yake, akitazama, na baadaye angekuambia nani amegombana na mkewe na nani anataka kuhama bendi. Waliohama walihama mikono mitupu, na mpigaji asiye na chombo ni mtu wa kawaida tu anayetafuta kazi.

Mimi nilipiga besi. Besi ya huku kwetu ziwani haikai chini ikinguruma. Inaruka, inakimbia mbele ya gitaa la solo, inarudi, na kila noti lazima iishe kabla ya nyingine kuingia. Zikishikana, umeharibu. Mtu anayecheza hatajua ni nini kimeharibika, ila ataona uchovu wa ghafla na kwenda kukaa. Mimi mwenyewe nilisikia besi kwa mguu. Masikio yalijaa ngoma iliyokuwa nyuma yangu, kwa hiyo nilizoea kuvua kiatu cha kulia, kukanyaga sakafu na kusikiliza kwa huko chini. Nilifanya hivyo bila kujua. Ni mke wangu aliyekuwa akinicheka kwamba narudi nyumbani na soksi moja chafu kuliko mwenzake.

Mwaka wa themanini na nane nilipata barua kutoka Mombasa. Aliyeandika alikuwa mpigaji solo wetu wa zamani, aliyekuwa sasa kwenye bendi ya hoteli ya watalii. Mpigaji besi wao alikuwa ameacha kazi. Gitaa la besi lipo, aliandika, chumba kipo, chakula kipo. Kinachokosekana ni amplifaya, kwa sababu yule bwana ameondoka na yake. Nije na amplifaya ndogo, ya kupanda basi na mtu, kabla ya mwisho wa mwezi.

Niliisoma barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Kwa miaka tisa nilikuwa nimepiga Mamboleo, Kombewa na ufuo mzima wa ziwa, kwenye harusi na matanga, na kila tulipomaliza nilimkabidhi mtu mwingine kila kitu kilichonifanya niitwe mwanamuziki. Nilitaka kutoka. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Niliuza baiskeli. Mama yangu, aliyeishi Kombewa, aliuza ng'ombe akaniwekea pesa ndani ya sanduku lake la nguo. Mke wangu alifua begi na kulianika. Ilibaki amplifaya yenyewe, na wakati ule mjini nilijua duka moja tu lililouza vitu hivyo.

Wiki hiyo hiyo, amplifaya ya besi ya bendi ikaungua. Mzee alinijia na upole wake wote.

"Jathum," alisema. Ndivyo alivyoniita siku zote, mwanamuziki kwa Kijaluo. "Jumamosi asubuhi twende duka na wewe. Mimi sina maskio ya besi. Wewe ndio utachagua, mimi nalipa."

Duka lilikuwa nyuma ya soko, jengo la zamani lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka chini. Mwenyewe alikuwa Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hata ukaona haya kufungua mdomo.

"Karibuni, mabwana," alisema. "Zipo tatu, na kila moja ina tabia yake. Msiniulize bei kabla hamjazisikiliza."

Akanipa gitaa la besi, akavuta kiti, akaanza kupanga betri zake za redio.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyeusi, ina taa nyekundu na vifundo vya kuzungusha visivyo na idadi. Spika yake ilikuwa ya inchi kumi. Kwa dakika moja ilipendeza: sauti nene, ya kujaa chumba. Kisha nikapiga zile mbio zetu, na noti zikaanza kukanyagana. Juu iligonga, chini ilinung'unika, na katikati hapakuwa na mtu. Nilizungusha vifundo vyote na kila kimoja kilibadilisha kitu ambacho sikutaka kibadilike. Ni sauti iliyotengenezwa kumfurahisha anayenunua.

Ya pili ilikuwa imetumika, ya rangi ya kahawia, kitambaa cha mbele kimechanika pembeni na juu ina alama ya sigara ya mtu fulani. Ilikuwa na vifundo vitatu tu na spika ya inchi kumi na mbili. Nilipiga uzi mnene, wazi, bila kuubonyeza, mara moja. Nikaupiga tena. Noti ilitoka, ikasimama, ikaondoka pale nilipoiondoa mimi. Nilikimbia, ikakimbia nami. Nilishuka chini kabisa na haikunung'unika. Nilipanda na haikupiga kelele. Mbao za sakafu ziliniletea kila kitu mguuni. Sijui nilipiga muda gani. Nakumbuka mwenye duka alikuwa ameacha betri zake, na machozi yalinilengalenga, mtu mzima na ndevu zangu, nikaona aibu nikageukia ukuta.

Ya tatu ilikuwa ndogo sana, ya inchi nane. Ilikuwa safi lakini haikuwa na tumbo. Niliipiga kwa adabu tu.

"Ehe?" Mzee aliuliza. "Ni gani?"

Nilifikiri haraka, na nilifikiri kijinga. Nikisema ya kahawia, leo hii italala chumba cha nyuma ya jikoni na ufunguo utaingia mfukoni. Nikisema nyeusi, ya kahawia itabaki dukani mpaka Jumatatu, nitakapokuwa nimetoka Kombewa na pesa za mama.

"Nyeusi, Mzee. Hii ndio besi."

"Na hii ya rangi ya chai?"

"Hiyo imechoka. Spika yake inakufa."

Mwenye duka aliniangalia, akarudi kwenye betri zake. Mzee aliniangalia chini, akaniangalia juu, akasema sawa. Tuliibeba nyeusi, mimi upande mmoja na yeye upande mwingine. Tulipofika mlangoni ilinibidi nirudi ndani kuchukua kiatu changu cha kulia.

Jumapili alasiri tulipiga Mamboleo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga mlangoni alipaza sauti, "Leo besi imeenda wapi?" Mpigaji solo alinigeukia na macho makali. Nilimwambia amplifaya ni nzuri sana, ila bado haijazoea, kana kwamba ni kiatu kipya.

Jumatatu nilitoka Kombewa na mapema nikawa dukani, pesa zimefungwa kwenye leso ya mama. Pale ilipokuwa ile ya kahawia palibaki alama ya mraba isiyo na vumbi.

"Mzee wako aliirudia Jumamosi ile ile," mwenye duka alisema, "hata adhuhuri haijaadhiniwa."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza iwapo ni kweli spika inakufa. Nikamwambia, bwana, spika ile itatuzika sote."

Nilisimama na leso yangu. Kisha nikajipa moyo: ameinunulia bendi, ataileta mazoezini, angalau nitaipiga. Jumatano nilibisha mlango wake. Mkewe alinikaribisha sebuleni nisubiri. Ilikuwa sebule kama zetu zote, vitambaa vya kushona kwa mkono kwenye kila kiti, kwenye redio, kwenye meza. Kati ya viti viwili palikuwa na kitu kipya cha mraba kilichofunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau, na juu yake thermosi. Chini ya kitambaa ilichungulia pembe moja ya kahawia, pale palipochanika.

"Weka kikombe hapo juu tu, Baba," mke wa Mzee alisema. "Hakuna shida."

Nikakiweka. Mzee alitoka akijifuta mikono, akakaa mbele yangu, akamimina chai yake. Alinitazama kwa upole, akangoja. Ningesema nini? Mzee, mbona umenunua ile niliyosema imechoka? Angeniuliza, kwani haijachoka? Na hapo ningelazimika kusema kwamba nilimdanganya, na kwa nini nilimdanganya, na barua, na Mombasa, na begi lililoanikwa. Nilikunywa chai. Ilikuwa tamu mno, nami niliisifu.

Niliandika barua Mombasa nikiomba mwezi mmoja zaidi. Jibu lilisema wamepata mtu wa Malindi. Pesa za mama zilirudi kuwa ng'ombe, mdogo kuliko wa kwanza.

Basi nikabaki. Miaka minane nilipiga besi kwenye ile nyeusi niliyoichagua kwa mdomo wangu, na miaka minane niliisifu, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Nilipunguza mbio zangu ili noti zisikanyagane. Vijana waliokuja baadaye walidhani huo ndio mtindo wangu, wakauiga, na mmoja aliniambia kwa heshima kubwa kwamba besi yangu ina utulivu. Nilitaka kumpiga kofi. Na kila wiki, siku ya mazoezi, nilikaa sebuleni na kuweka kikombe juu ya kitambaa chenye maua ya zambarau. Nilimchukia Mzee. Nilimchukia hasa akinisukumia sahani ya mandazi. Kuna siku mkewe alitoka na Mzee akaenda kufungua mlango, nikaweka kiganja juu ya kisanduku, nikakiondoa haraka mlango ulipofungwa.

Kisha magugu maji yakajaa ziwa. Maboti yakafungiwa ufuoni, wavuvi wakakosa, na asiyepata samaki hakodi bendi. Matangani watu walianza kuita mtu mmoja na kaseti zake na spika mbili. Mwaka wa tisini na sita tulikuwa tunapiga mara moja kwa mwezi, tukibahatika. Mwaka huo Mzee alipooza upande wa kushoto.

Aliniita siku moja baada ya chakula cha mchana. Alikuwa kwenye kiti chake, mdomo umepinda upande mmoja, lakini macho yalikuwa yale yale. Hakunisalimu.

"Toa thermosi," alisema. "Toa kitambaa. Chomeka."

Mkewe alikuwa amekwisha leta gitaa la besi kutoka chumba cha nyuma. Nilitoa kitambaa. Nikachomeka waya. Ilikuwa safi, haina vumbi, juu ina viduara vya vikombe, vingi, vingine vyangu. Niliwasha, nikapiga uzi mnene, na noti ilitoka, ikasimama, ikaondoka nilipoiondoa. Nilipiga zile mbio zangu za zamani. Vidole vilikuwa vimezisahau nusu, vikajikwaa, vikazipata.

Mzee alikuwa akitazama sakafuni. Nilifuata macho yake. Kiatu changu cha kulia kilikuwa kimelala ubavu kando ya meza.

"Ile siku ya duka," alisema polepole, "ya nyeusi ulipiga na viatu mbili. Hii, ulivua, ukasahau hata kuvaa tena. Mimi sijui besi, Jathum. Mimi nilikuwa naangalia mguu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si ni wewe ulidanganya? Mimi ningeanzia wapi?" Alipumzika. "Nilisema, acha aniulize. Akiniuliza tu, nampatia aende nayo. Nikakuwekea hapo uone kila siku. Miaka nane unaweka kikombe juu yake, huulizi."

Mpaka leo sijui kama ni kweli angenipa. Huenda alijisamehe tu kama watu wanavyojisamehe wakiugua. Lakini nilishindwa kumkasirikia, na hilo liliniuma kuliko hasira, kwa sababu kwa miaka minane nilikuwa na mtu wa kulaumu.

"Beba," alisema. "Ni yako."

Nilishukuru. Nilichomoa waya, na mkewe akalichukua gitaa kutoka mikononi mwangu, akalirudisha chumba cha nyuma, nikasikia mlango ukifungwa kwa ufunguo. Hakukusudia ubaya. Vilikuwa vyombo, na vyombo hurudi chumbani. Mzee alikuwa amefumba macho, na mimi, kama kawaida yangu, sikuuliza.

Niliibeba begani mpaka nyumbani, nikipumzika mara tatu njiani. Mke wangu alisogeza kiti kuipatia nafasi. Nilivua kiatu, nikaiwasha, nikakanyaga sakafu yetu ya simenti. Ilivuma kidogo, ule mvumo wa amplifaya isiyochomekwa kitu. Mke wangu alisimama mlangoni, akasikiliza nami kwa muda mrefu.

"Si iimbe basi," alisema.

"Haina gitaa."

Alinitazama, akatazama kiatu changu, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa na thermosi mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili, akaniuliza aviweke wapi.