Chumvi Kwenye Damu ya Kirumba

Dakta Wilhelmina Maige alikuwa mkali, na mimi sina sababu ya kumpamba. Alikuwa anakufokea kwa kuacha mlango wazi, halafu papo hapo anakuuliza kama watoto wako wamekula. Alianza kazi kwenye maabara yetu ya Mwanza akiwa msichana, na maisha yake yote aliyatumia kwenye swali moja: kwa nini seli nyekundu za damu ya mtoto huyu zinapasuka haraka, na za yule hazipasuki?

"Seli nazo zinapata kutu, Nkwabi," aliniambia. "Ila kwenye majani kuna vitu vinavyozikinga. Vinaitwa antioksidanti."

Majani yenyewe ni nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo sisi Wasukuma tumeyala tangu tuote meno. Kwa miaka mitatu alilinganisha damu ya watoto wa Kisesa, wanaokula nsansa karibu kila siku, na ya watoto wa Kirumba, ambao kwao mboga ni samaki. Ya Kisesa ililetwa na gari. Ya Kirumba niliileta mimi kwa baiskeli, kwenye boksi la barafu. Zamani nilikuwa mpakiaji wa sangara pale soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo mambo ya barafu nilijiona sina wa kunifundisha.

Majibu yalikuwa matamu. Seli za Kirumba zilipasuka mara mbili ya zile za Kisesa. Ilikuwa mwaka 1996, serikali imejitoa, kila kitu kinatafutiwa mfadhili. Wafadhili wetu walikuwa waje Ijumaa. Wakiridhika, maabara inapata miaka mitano, wasiporidhika, inafungwa.

Jumatano viwanda vya minofu vikachukua barafu yote Mwaloni. Nikaifunga damu kwa kitambaa kibichi, nikakanyaga baiskeli mbio.

Saa nane mchana Daktari akaniita.

"Za leo hazijapasuka. Umefanya nini?"

"Hakukuwa na barafu, Daktari."

"Na siku nyingine unafanyaje?"

"Naizika damu kwenye barafu, halafu natupia chumvi."

"Chumvi?"

"Viganja viwili. Sangara wa safari ndefu tunampakia hivyo, barafu inazidi baridi."

Hakufoka. Hapo ndipo nilipoogopa. Alijifunga mpira mkononi, akajitoa damu mwenyewe, mirija miwili. Mmoja tukauweka kwenye barafu tupu ya friji, mwingine kwenye barafu ya chumvi. Tukakaa saa nzima tukiitazama saa ya ukutani. Alipoizungusha kwenye mashine, mrija wa kwanza ulikuwa na maji ya njano juu. Ule wa chumvi ulikuwa mwekundu mpaka mdomoni, kama divai ya altare.

"Damu iligeuka barafu," alisema polepole. "Seli zilipasuka kabla hazijanifikia."

Nilimwomba anyamaze. Naona aibu kusema, lakini nilimwomba. "Daktari, tunajua sisi wawili tu. Nina watoto wanne."

"Nenda nyumbani, Nkwabi."

Ijumaa wageni watatu waliketi mbele ya chati zake nzuri. Nilisimama mlangoni, shati limenishika mgongoni kwa jasho. Daktari akainua mirija yake miwili.

"Hizo chati msizisome," alisema. "Si za kweli." Akawaeleza yote.

Mgeni mmoja akauliza nani aliyetia chumvi.

"Mimi," nikasema.

"Kaa chini, Nkwabi!" Sasa alifoka. Akawageukia wageni. "Alifanya kazi kama anavyoijua. Miaka mitatu anapita mlangoni kwangu na boksi, sijawahi kumuuliza anapakiaje."

Wageni waliondoka bila kunywa chai. Baada ya miezi miwili maabara ikafungwa, nikarudi Mwaloni kwenye samaki. Nilimchukia, sifichi. Yeye nilisikia anafundisha sekondari huko Buhongwa.

Miaka miwili baadaye nilimwona anakuja kati ya makreti, amekunja sketi isishike magamba ya samaki. Amekonda.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Nimepata chumba na friji moja. Naanza upya."

Akafungua daftari jipya juu ya kreti. Nilitegemea kuona majina ya watoto wa Kisesa na Kirumba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja tu: *Nkwabi, unapakiaje?*

Akachomoa kalamu, akasubiri.