Nilimpa mchumaji chai "light duty" Kericho, nusura tumpoteze

Chamgei wakuu. Uzi huu nimeukwepa miaka mingi kwa sababu mjinga ndani yake ni mimi. Sitaongeza chumvi, iliyopo inatosha.

Miaka ya tisini nilikuwa supervisor kwa shamba moja la chai Kericho. Kijana wa certificate, gumboots mpya, biro mbili mfukoni.

Kwa gang yangu kulikuwa na Kirui, mtu wa Siongiroi, mchumaji hodari. Halafu akafiwa na mke.

Alirudi baada ya mazishi, lakini mikono haikurudi. Kikapu kilifika kwa mizani nusu. Anasimama katikati ya majani, anaangalia tu.

Wengine wangemwandikia warning letter. Mimi nilijiona mtu wa huruma, nikamtoa kwa laini ya wachumaji nikampeleka nursery, chini karibu na mto, achunge miche peke yake. Light duty, kazi nyepesi! Hata nilijisifu ofisini.

Kirui mwenyewe sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, ila mimi nilikuwa na certificate.

Wiki ya tatu, saa ya kupima majani, akanijia Chelangat, mama aliyechuma kando ya Kirui miaka yote.

"Bosi, Kirui amenipa kikapu yake na ile apron ya mvua. Anasema hahitaji tena."

Nikamjibu, wakuu, bila kuinua macho: "Sawa tu, nursery haina kazi ya kikapu."

Aliniangalia vile unaangalia ng'ombe aliyeingia kanisani.

"Kwa nyumba hakuna mtu. Kwa kazi umemwekea miti. Huyo hakuleta kikapu, bosi. Alikuja kuaga."

Nilitupa kitabu cha kilo nikakimbia mteremko, Chelangat nyuma yangu. Nilianguka mara mbili. Mvua ya alasiri, ile yetu ya kila siku, ikaanza. Sijawahi kuogopa vile.

Nikamkuta ameketi juu ya debe, macho mekundu. Hai.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya hekima. Yaliyotoka ni haya:

"Kirui, miche imepata maji?"

Na mvua inatupiga sote wawili.

Akaangalia juu, akaniangalia mimi, akacheka. Kicheko kikageuka kilio. Nikakaa kwa matope kando yake nikanyamaza, na hiyo huenda ndiyo kazi pekee ya maana niliyofanya mwaka huo. Akasema amechoka kuishi. Akasema tangu nimpeleke pale, siku nzima hupita hakuna mtu amemwita jina.

Tulimpeleka dispensary, ndugu yake akaja kutoka Siongiroi kukaa naye. Baadaye akarudi kwa laini, kando ya Chelangat, na kikapu chake. Kilo zilibaki chini miezi mingi. Ofisi ikaandika warning letter kweli kwa ajili ya kilo hizo, lakini kwangu. Ninayo hadi leo, ni certificate yangu ya pili.

Nilichojifunza: mtu akilemewa, usimfiche mahali pa kimya ukaita hiyo huruma. Muulize anataka nini, kisha ukae usikie.

Mabosi wenzangu wa huruma, nafasi ya kuungama iko hapo chini. Msione haya, mimi nishazoea. Kirui ni mzee sasa, na tukikutana soko la Kapsoit hanisalimii kwanza. Anapaza sauti mbele ya watu wote:

"Bosi! Miche imepata maji?"

Nami humwita jina lake, kwa sauti kubwa kuliko yake.